Kipande cha Ngozi Chini ya Pima Maji

Siku ya kuniaga mlinipa keki, leso mbili na saa ya ukutani, kisha kabla sijatoka mlangoni mkaniambia niwaandikie jinsi ya kuchagua pima maji ya namba ya kusawazishia kazi, kwa kuwa ile ya karakana imezeeka na kamati imekubali kununua nyingine. Ningeweza kuwaandikia karatasi moja tukamaliza. Lakini nimekaa stoo ya vifaa karibu miaka thelathini, na najua fundi akipewa karatasi moja huifungia misumari. Kwa hiyo nimeandika kadhaa. Tena kuna jambo kuhusu pima maji ambalo sijawahi kulisema ndani ya karakana hiyo, na sitaki kula keki ya watu nikiwa bado nimelificha.

Nilianza kazi kijijini Tulia mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa na cheti cha darasa la saba na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Karakana ilikuwa ya kanisa, na msimamizi alikuwa mzungu mrefu aliyejua Kiswahili cha amri peke yake: lete, weka, fagia. Alinipa ufunguo na daftari, akasema kazi yangu ni kujua kila kitu kiko wapi. Hakuniambia vitu vyenyewe vinaitwaje. Asubuhi hiyo fundi wa kwanza aliomba skwea ya kupimia pembe, nikampa koleo. Wa pili aliomba randa, nikampa skwea, kwa sababu niliona haina mtu. Walicheka mpaka saa ya chai.

Aliyeniokoa ni Mzee Ngumbau, fundi mkuu. Wakati huo hakuwa mzee hasa, alikuwa na miaka arobaini hivi, ila alikuwa na uso wa mtu aliyekosana na mbao mbichi tangu utotoni. Suruali yake aliifunga kwa mshipi mfupi usiozunguka kiuno, ncha mbili ameziunganisha kwa waya. Huo mshipi tuliucheka kwa miaka mingi na hakuwahi kununua mwingine. Siku hiyo aliingia stoo, akatoa vifaa vyote, akavilaza sakafuni na kunitajia kimoja kimoja, halafu akanirudisha mwanzo nimtajie yeye. Alipotosheka aliniambia neno nililolifuata mpaka siku mliponipa saa.

"Kifaa ikirudi, iangalie kwanza, ndio usikilize fundi. Yeye atakuambia imeanguka yenyewe. Hakuna kitu huanguka yenyewe."

Kifaa alichokipenda kuliko vyote ni pima maji. Ilikuwa ya mti mwekundu mgumu, futi tatu, ina shaba ncha zote mbili. Kwa ninyi mliokuja juzi, pima maji ya zamani haina betri wala namba. Ina kioo kidogo chenye maji na povu moja, na povu likikaa katikati ya mistari miwili, basi unachopima kimelala sawa. Chini ya ncha ya kushoto ya ile ya Ngumbau kulikuwa na kipande cha ngozi nyeusi, upana wa kidole gumba, unene wa shilingi mbili zilizobebana, kimefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Nilimuuliza ni cha nini.

"Ni ya pima maji," alisema. "Usitoe. Ukiitoa hiyo, kazi haitasimama."

Siku hiyohiyo alinifundisha kuihoji. Unaiweka juu ya ubao, unaangalia povu limekaa wapi. Kisha unaigeuza, kichwa kiende mahali pa mkia, unailaza palepale pa kwanza. Ikisema jambo lilelile mara zote mbili, iamini. Ikibadilisha maneno ni mwongo, hata iwe imekuja kwa meli kutoka Ulaya. Niliigeuza ya kwake mara ishirini nikiutafuta uongo, sikuupata.

Miaka ya sabini yote ilikwenda hivyo. Mzungu alirudi kwao, tukabaki na daftari lake. Tulijenga madarasa, mabanda, misingi ya matangi na mapaa, kuanzia Matinyani mpaka Kyuso, na tukavuka hata upande wa Makueni kulikokuwa na zahanati zisizo na rafu. Kila jioni vifaa viliporudi niliandika mbele ya kila kimoja: iko sawa, imevunjika, au imepotea. "Imepotea" ilimaanisha iko kwa fundi nyumbani, na ingeonekana tena akimaliza kujenga choo chake. Pima maji haikupotea hata mara moja. Ngumbau aliibeba kama mtu anavyobeba mtoto wa dada yake, kwa mapenzi na kwa kuogopa lawama.

Kisha katikati ya miaka ya themanini uamsho ulipita kwetu, ukaacha nusu ya karakana imeokoka na nusu nyingine imejificha stoo kwangu. Mimi nilikuwa nimeokoka, lakini niliwapa chai. Kinara wa waliookoka alikuwa Musembi, mwanafunzi bora kati ya wote waliopita mikononi mwa Ngumbau, na sasa shemasi. Alikuwa na sauti ya mimbarani hata akiomba msasa. Kila Jumatatu tulianza kazi kwa maombi, na maombi ya Musembi yalikuwa marefu kiasi kwamba gundi iliganda kwenye brashi.

Jumatatu moja baada ya "amina" aliinua ile pima maji mbele ya watu wote.

"Mzee, hii ngozi ni ya nini?"

"Ni ya pima maji," Ngumbau akajibu.

"Ya kufanya nini?"

"Bila hiyo kazi haisimami."

"Kazi inasimama kwa nguvu za Bwana, Mzee. Haisimami na ngozi ya mnyama imefungwa na uzi."

"Bwana hajawahi kunishikia upande ingine ya ubao," Ngumbau alisema. "Weka hiyo kitu chini."

Neno hilo ndilo lililomponza. Jumapili iliyofuata Musembi alisimama kando ya mimbari akasema kwamba ndani ya karakana ya kanisa kuna hirizi, na kwamba nyumba zetu zimejengwa kwa uganga bila sisi kujua. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kila mtu aligeuka akatazama benchi la mwisho alikokuwa Ngumbau na mkewe, Mama Mwende. Kamati ilimwita mzee wa watu, ikamwambia aikane ile ngozi au aeleze ni ya nini. Hakukana, hakueleza. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaniachia mezani, akaenda zake Matinyani kulima pojo.

Musembi aliikata ile ngozi kwa kisu, akaiombea, akanikabidhi niitunze mpaka mchungaji aje kuiona. Mimi wakati huo nilikuwa nikipika isyo ya wafanyakazi, mahindi na maharagwe, maana katika karakana ile mwanamke mwenye ufunguo wa stoo alihesabiwa kuwa na ufunguo wa jiko pia. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Ngumbau kwa kuniacha na kundi la wahubiri, na kusema kweli niliiogopa pia ile ngozi, hata kama nilijua nimeiona kila siku kwa karibu miaka kumi na minane. Nikaitupa motoni chini ya sufuria. Ilinuka kwato. Musembi alipokuja kuiulizia nilimwonyesha majivu, akasema Bwana asifiwe, akaondoka. Hakuna mwingine aliyejua. Wote waliamini kwamba shemasi ndiye aliyeichoma, na jioni hiyo niliandika kwenye daftari, kama kawaida, kwamba pima maji iko sawa.

Musembi akawa fundi mkuu. Kuhusu vyeo nimejiahidi kunyamaza, pamoja na vile ambavyo mimi sikupewa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka utaratibu: kila anayetumia pima maji ailaze jina la kiwanda likimtazama, asiigeuze, ili kazi ya karakana iwe ya namna moja. Na kweli ikawa ya namna moja. Tuliweka sakafu mpya ya kanisa, na akina mama walipoosha, maji yaliacha mlango yakakimbilia miguuni mwa mchungaji. Tulijenga rafu ndefu ya zahanati huko Makueni, na nesi akalalamika kwamba kila chupa ya mviringo akiilaza inamfuata mpaka mwisho wa ukuta. Chifu naye alisema penseli haikai mezani kwake. Musembi alikuwa na jibu kwa kila mmoja. Udongo umeshuka. Mbao zimekauka. Chifu ana meza kubwa mno.

Mimi nilikuwa najua kuihoji pima maji. Nilifundishwa siku ya kwanza. Ingenichukua muda wa kumenya ndizi. Sikuihoji, kwa sababu moyoni nilijua nitakachokikuta, na kila jioni niliandika iko sawa.

Hapo ndipo tukaingia miaka ya tisini na kazi ya Kyuso. Shule ya wasichana ya bweni ilipata tangi kubwa la saruji, na sisi tukapewa kufunga gata, yaani ule mfereji wa bati unaokusanya maji ya paa na kuyapeleka kwenye tangi. Jengo lilikuwa na madarasa manne mfululizo, urefu kama mita thelathini. Tulifunga, tukaomba, tukarudi. Wiki mbili baadaye kukanyesha manyunyu ya kupoza vumbi tu, na kesho yake mwalimu mkuu, Mwalimu Kavata, akaja mwenyewe mpaka Tulia. Alikuwa mwanamke mfupi asiyekaa kwenye kiti anapokasirika.

"Gata yenu inapeleka maji kwa choo," alisema. "Tangi iko upande huu, maji yanaenda ule."

"Itakuwa ni bati imepata joto, Mwalimu," Musembi akasema.

"Sawa, bati imepata joto. Na wasichana wangu watapata nini? Saa hii wanachimba mchanga huko mtoni wakitafuta maji kabla ya darasa. Mvua kubwa imebakisha wiki tatu. Hiyo tangi isipojaa Novemba, mimi nafunga bweni Januari. Na nikituma hao watoto nyumbani, Ndugu Musembi, wengine hawarudi. Wanaolewa. Nishaona."

Alituangalia mmoja mmoja kisha akaondoka bila kunywa chai. Nilibaki nimeshika birika, nikaona aibu ambayo sijaiona tena mpaka leo.

Kamati iliketi, ikaamua kwamba kosa ni la kifaa cha kizamani na kwamba dunia sasa inatumia pima maji ya namba, inayokuandikia kwenye kioo mteremko ni digrii ngapi. Zikaletwa tatu ili tuchague. Hapa sasa chukueni kalamu, ndicho mlichoniomba.

Ya kwanza ililetwa na kijana wa duka la Nairobi, mwenye tai na viatu vilivyoteseka na mchanga wetu. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu na iliandika mpaka namba mbili baada ya nukta. Ya pili tuliazimwa na mpima ardhi aliyekuwa akimaliza kazi ya bwawa, ndogo, nyepesi, inaingia mfukoni. Ya tatu ilikuwa ndefu, ya kijivu, nzito, namba moja tu baada ya nukta. Kijana wa Nairobi aliileta kwa sababu ilikuwa ndani ya gari, si kwa sababu aliipenda.

Musembi aliisawazisha meza ya kazi kwa pima maji ya zamani, jina likimtazama, akaweka vipande vya kadibodi chini ya miguu ya meza mpaka povu likatulia katikati. "Sasa hii meza iko sawa kabisa," alisema. "Ile itakayoandika sifuri, hiyo ndiyo ya kweli."

Ya dhahabu iliandika 0.36, upande wa mlangoni uko chini. Ya mpima ardhi ikaandika 0.2, mlangoni chini. Ya kijivu nayo, 0.2, mlangoni chini.

"Zote ni bure," Musembi akasema, na nilimwona amefurahi kidogo.

Kijana wa Nairobi alikohoa. "Mzee, hii ya dhahabu ni ya kisasa. Angalia decimal ziko mbili."

"Hata uongo inaweza kuwa na decimal mbili," nikasema. Kisha nikasema jambo ambalo miaka sita nilikuwa nimelikalia. "Tuzigeuze."

Musembi alisema utaratibu hauruhusu. Nilimwambia utaratibu ni wa pima maji ya karakana, hizi bado ni wageni. Nikaigeuza ya dhahabu, palepale pa kwanza. Ikaandika 0.02. Meza haikuwa imesogea, ila yenyewe ilikuwa imebadilisha maneno, kutoka 0.36 mpaka karibu na sifuri. Kijana akaanza kuifungia kwenye boksi bila kuambiwa. Ya mpima ardhi niliigeuza, ikarudia 0.2, mlangoni chini. Ya kijivu vivyo hivyo.

Hapo wengi huacha, wakachukua ile nyepesi. Msiache. Nilizitoa zote mbili nje, nikaziacha juani tangu saa sita mchana mpaka tukamaliza kula, maana gata haifungwi chini ya mwembe. Tulipozirudisha, ile ndogo iliandika 0.5 juu ya meza ileile, na nje juani kioo chake hakikuonekana kabisa, ungehitaji mtu wa kukushikia mwavuli. Ya kijivu ilibaki 0.2 na namba zake zilisomeka. Niliikagua upande wa chini, umenyooka, haujapinda. Niliangalia kama ina namna ya kurekebishwa ikianza kudanganya, ikawa nayo: unaiweka, unabonyeza, unaigeuza, unabonyeza tena. Mlango wa betri ulifunga bila kuacha mwanya wa vumbi. Basi hiyo ndiyo ninyi mmeitumia mpaka ikazeeka, na nyingine mtaichagua hivyohivyo. Msisome kwanza maneno ya kwenye boksi. Boksi halijawahi kujenga kitu.

Lakini siku hiyo hakuna aliyeshangilia, kwa sababu kama ya kijivu ilisema kweli, meza haikuwa sawa, na aliyesema meza iko sawa ni pima maji ya Ngumbau. Musembi aliichukua mwenyewe. Aliilaza mezani jina likimtazama, povu katikati. Kisha, polepole, akaigeuza. Povu lilikimbia mpaka mwisho wa kioo likakaa huko.

Mafundi walitoka mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka ana kazi nje. Tukabaki wawili. Musembi aliketi juu ya rundo la mbao, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea bila sauti ya mimbarani.

"Ile ngozi," alisema.

"Ile ngozi."

Aliipima ncha ya kushoto kwa vidole, mahali uzi ulipokuwa umeacha alama. "Ilikuwa inaisimamisha sawa. Unene wake ndio kosa ya pima maji." Akahesabu kwa midomo. "Mita thelathini, futi tatu tatu, kila mara tunakosea upande moja. Dada Syombua, ile gata tumeiinua upande wa tangi."

Kesho yake tulikwenda Matinyani pamoja, yeye na Biblia, mimi na ile ya kijivu ndani ya kikapu. Mzee Ngumbau alikuwa akianika pojo uani. Alikuwa ameisha mwili, lakini mshipi ulikuwa uleule na waya uleule. Mama Mwende aliweka chai mezani bila kutusemesha. Sikuwahi kuinywa chai yake tangu ile Jumapili, hata tulipokutana msibani. Nilikunywa vikombe viwili.

Musembi alitaka tuanze kwa maombi. "Kaa kwanza," Ngumbau akamwambia. "Sema kilichokuleta, halafu tutajua tuombee nini."

Musembi akasema yote, Kyuso, meza, povu lililokimbia. Mzee alisikiliza huku akichambua pojo zilizooza. Mwishowe alishika mshipi wake hapo penye waya.

"Nilikuwa na siku tatu tu kazini," alisema. "Ikaniponyoka kwa ngazi. Kioo haikuvunjika, lakini ikapinda huko ndani, na wiki hiyo mzungu alikuwa amefukuza mtu kwa sababu ya patasi. Nikakata mshipi."

"Na alipoenda kwao, mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Saa hiyo kila mtu alikuwa anasema pima maji ya Ngumbau haikosei. Kutoka Kyuso mpaka Makueni."

"Lakini Mzee, kamati ilikuita. Walikuita mganga."

"Niliona heri waniite mganga kuliko fundi aliyeangusha pima maji."

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, nami nikacheka, nikashindwa kuacha. Mama Mwende hakucheka. Ndipo Ngumbau akamgeukia Musembi.

"Mimi ni mjinga, nilijitakia. Lakini huyu mama, wale wenzake wa kanisa waliacha kukanyaga hapa. Miaka sita anapika chai ya watu wawili. Wewe ulisema ukiwa umesimama kando ya mimbari, ukiangalia watu. Sasa geuka. Simama palepale, useme ile ingine."

"Nitasema, Mzee," Musembi akajibu.

"Na ngozi yenyewe mlipeleka wapi?"

Hapo Musembi akaitazama Biblia yake. Nikasema ni mimi niliyeichoma, nikipika isyo.

Mzee alinitazama nilivyokuwa nikimtazama siku ya kwanza, nisipojua skwea ni ipi. "Mwiitu wakwa," alisema, binti yangu, "basi hiyo ibaki hapa mezani. Mimi nimeweka siri yangu miaka yote hiyo. Yako ni ndogo, itatoshea."

Kisha akaomba kuona hiyo ya namba. Aliilaza mezani, akasubiri namba zitulie, akaigeuza, akasubiri tena. Alirudia mara nyingi kuliko nilivyofanya mimi. "Iko sawa," alisema. "Na huyu hana jina la kulinda." Akafungua waya wa mshipi, akakata kipande kingine, akanipa nikifunge kwenye ile ya zamani. Kipo mpaka leo kwenye rafu ya juu. Msikitoe.

Tulirudi Kyuso tukaifungua gata yote, Musembi akiwa juu ya ngazi kama fundi wa kawaida. Mwalimu Kavata alikuwa akitoka darasani, siku zote tatu za kazi, kusimama chini na kututazama akiwa amefunga mikono. Tulipima kwa uzi, kwa mpira uliojazwa maji na kwa ile ya kijivu, mpaka vyote vitatu vikakubaliana. Tulipomaliza zilikuwa zimebaki siku chache. Mvua ilikuja Novemba kwa kelele, na mwezi haujaisha Mwalimu Kavata alitutumia chupa ya soda iliyojaa maji ya tangi, bila barua. Bweni halikufungwa. Ile chupa nilimpelekea Mama Mwende, akapika nayo chai.

Jumapili moja kabla ya Krismasi Musembi alikwenda kusimama kando ya mimbari. Mzee Ngumbau na mkewe walikuwa benchi la mwisho, mahali pao. Musembi alieleza ngozi ilikuwa ya nini, akasema hakukuwa na uganga wowote, kulikuwa na fundi aliyejua kosa la kifaa chake na wanafunzi wasiojua kuuliza kwa adabu. Mzee mmoja wa kanisa akamuuliza kutoka benchi la mbele hiyo ngozi sasa iko wapi. Musembi hakunitazama. Alisema, "Niliikata mimi, na niliichoma mimi." Baada ya ibada nilihesabu wanawake kumi na mmoja waliofuatana na Mama Mwende kwenda Matinyani kunywa chai. Walipeleka sukari.

Nilikuwa benchi la tatu siku hiyo, nikitazama mkoba wangu. Miaka yote nimemcheka yule mtu, kwa sauti yake, kwa maombi yake na kwa gundi iliyoganda, nanyi nimewafundisha kumcheka. Ule wa "niliichoma mimi" ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema kanisani akijua, na aliusema kwa ajili yangu. Mzee Ngumbau alifariki mwaka juzi akiwa ameiweka siri yangu pamoja na yake. Musembi bado yupo nanyi, bado anaomba kwa muda mrefu. Najua bado mnasimulia stoo kuhusu shemasi aliyechoma ngozi ya pima maji, kwa sababu nilikuwa nawasikia nikipanga vifaa, na nilikuwa nacheka nanyi.

Ndugu Musembi hakuichoma. Aliiweka mkononi mwangu, nami nikaitia motoni, kisha jioni nikafungua daftari nikaandika: pima maji, iko sawa.